Kura ni Amana, Isigeuzwe Kuwa Hesabu ya Koo

(Hotuba iliyotolewa mbele ya waumini na wageni waalikwa huko Bulyaga, Tukuyu, wilayani Rungwe)





 Maudhui tuliyopangiwa ni uchaguzi wa Bunge katika nchi yenye watu wa makabila na asili mbalimbali. Hatukuja kumnadi mgombea yeyote wala kukishutumu chama chochote. Tumekuja kulitazama swali moja tu: ni kitu gani kinachoifanya kura, ambayo imewekwa ili watu waamue mambo yao bila kupigana, igeuke kuwa sababu ya kupigana?

Ili kulijibu swali hilo tumechagua mifano miwili kutoka katika historia yetu wenyewe. Yote miwili ilitokea kati ya mwaka 1957 na 1963, chini ya utawala ule ule wa Kiingereza, miongoni mwa watu wanaosema Kiswahili, na kati yao kuna mlango wa bahari usio mpana. Katika mfano wa kwanza, sheria ndiyo iliyowagawa watu kwa rangi zao, lakini wapiga kura wakakataa kugawanyika. Katika mfano wa pili, sheria haikuwagawa watu kwa asili zao, lakini watu wakajigawa wenyewe. Mwisho wa mambo ya pande hizo mbili haukufanana hata kidogo.

Kura Tatu za Tanganyika

Katika miaka ya 1950 wakazi wa Tanganyika walizidi milioni 8 na nusu, na karibu wote walikuwa Waafrika. Wazungu walikuwa kiasi cha elfu 20, na watu wa asili ya Asia kiasi cha laki moja. Serikali ya Gavana Twining ilishikilia kwamba kila mojawapo ya mataifa hayo matatu liwe na viti sawa katika Baraza la Kutunga Sheria. Ndipo ukaletwa utaratibu uliojulikana kama kura tatu. Kila jimbo la uchaguzi lilitoa wajumbe watatu, yaani Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na kila mpiga kura alilazimika kuwapigia wote watatu. Aliyemchagua Mwafrika peke yake, kura yake iliharibika. Tena si kila mtu aliruhusiwa kupiga kura. Yalikuwapo masharti ya elimu, ya kipato au ya cheo, ambayo wakulima wengi hawakuyatimiza.

Chama cha TANU kilikutana Tabora mwezi Januari 1958 kuamua kama kitashiriki katika uchaguzi wa namna hiyo. Walikuwapo waliosema kwamba kushiriki ni kukubali kudhalilishwa, na hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Mwalimu Nyerere na wenziwe walishikilia kwamba kususia ni kuwaachia wapinzani viti vyote. Mkutano ukaamua kushiriki, na uamuzi huo hadi leo hutajwa kuwa uamuzi wa busara. Zuberi Mtemvu hakuridhika, akatoka na kuanzisha chama chake, African National Congress, kilichotaka nchi iwe ya Waafrika tu.

Uchaguzi ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959. Hapo likaonekana jambo ambalo walioitunga kanuni hawakulitazamia. Kwa kuwa kila mpiga kura aliwachagua wote watatu, mgombea Mzungu hakuweza kuingia Barazani kwa kura za Wazungu wenzake peke yao. Alilazimika kwenda kwa Mwafrika na kwa Mhindi na kuwaeleza atawafanyia nini. TANU yenyewe wakati huo ilikuwa chama cha Waafrika tu, na uanachama wake haukufunguliwa kwa watu wa asili nyingine mpaka mwaka 1963. Hata hivyo iliwatafuta Wazungu na Waasia waliokubaliana na madai ya uhuru, ikawaomba wafuasi wake wawachague hao.

Sisi wa Rungwe wakati huo tulikuwa katika Jimbo la Nyanda za Juu za Kusini, maana jimbo enzi zile lilikuwa eneo kubwa lenye wilaya nyingi. Miongoni mwa waliochaguliwa katika jimbo hilo ni John Mwakangale, na pamoja naye Lady Marion Chesham, mama aliyezaliwa Marekani. Huko Jimbo la Kaskazini alichaguliwa Derek Bryceson, na Bibi Sophia Mustafa, Mwislamu mwenye asili ya Kihindi. Wagombea waliosimamishwa au kuungwa mkono na TANU walishinda, na chama cha UTP kilichopendwa na serikali ya kikoloni kikatoweka baada ya muda mfupi. Mwaka 1962, Mtemvu aliposhindana na Mwalimu Nyerere katika uchaguzi wa Rais, hakupata hata asilimia 2 ya kura.

Zama za Siasa Zanzibar

Sasa na tuvuke bahari. Mwezi Julai 1957 Zanzibar ilifanya uchaguzi wake wa kwanza wa wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Viti vilikuwa 6, na waliopiga kura walikuwa wanaume tu waliotimiza masharti. Hapakuwa na kiti cha Mwarabu, wala cha Mshirazi, wala cha Mwafrika. Daftari la wapiga kura lilikuwa moja kwa wote. Mtu angaliweza kudhani kwamba hapa ndipo pangekuwa na salama zaidi kuliko Tanganyika.

Tena karibu wakazi wote wa Unguja na Pemba walikuwa Waislamu. Walielekea kibla kimoja, walifunga mwezi mmoja, walizikana katika makaburi ya jirani, na lugha yao ilikuwa moja. Twaomba ndugu zetu mlizingatie sana jambo hili, maana mara nyingi hujidanganya kwamba umoja wa dini peke yake watosha kuwa kinga.

Vyama vikubwa vilikuwa viwili. Hizbu, yaani Zanzibar Nationalist Party, kiliundwa mwaka 1955, na Afro-Shirazi kilitokana na muungano wa mwaka 1957 wa jumuiya ya Waafrika na jumuiya ya Washirazi. Katika uchaguzi huo wa kwanza Hizbu hakikupata kiti hata kimoja. Kiongozi wake mashuhuri, Ali Muhsin, alishindwa na Abeid Karume huko Ng'ambo.

Yaliyofuata yalikuwa mabaya kuliko matokeo yenyewe. Wenye mashamba waliwafukuza wakulima waliokuwa wakilima chini ya minazi na mikarafuu yao kwa sababu ya chama. Wakulima nao na wafuasi wa upande wao wakasusia maduka ya upande wa pili. Watu wakaanza kuulizana chama kabla ya kupanda basi, kabla ya kwenda mazikoni, hata kabla ya kusimama safu moja msikitini. Magazeti kama Mwongozi na Afrika Kwetu yakajibizana kwa maneno makali juu ya nani mwenyeji na nani mgeni. Mwenye asili ya bara aliitwa mgeni, na mwenye asili ya Uarabuni naye aliitwa mgeni, ijapokuwa wengi wa pande zote mbili walizaliwa visiwani.

Mwaka 1959 baadhi ya Washirazi walijitoa katika Afro-Shirazi wakaanzisha ZPPP chini ya Muhammad Shamte. Mwezi Januari 1961 wananchi walichagua tena. Viti vilikuwa 22. Afro-Shirazi ilipata 10, Hizbu 9 na ZPPP 3. Kiti cha Chake Chake kiliamuliwa kwa tofauti ya kura moja tu. Wajumbe watatu wa ZPPP nao wakagawanyika, wawili wakaenda Hizbu na mmoja Afro-Shirazi, hivyo kila upande ukawa na 11. Serikali haikuweza kuundwa, ikaamuliwa kiongezwe kiti kimoja na uchaguzi urudiwe mwezi Juni.

Tarehe 1 Juni 1961, siku yenyewe ya kupiga kura, ghasia zilianza mjini, zikaenea mashamba siku zilizofuata. Watu 68 waliuawa, na wengi wao walikuwa Waarabu. Mamia walijeruhiwa. Askari waliletwa kutoka bara kuituliza hali. Matokeo ya viti yakawa 10 kwa Afro-Shirazi, 10 kwa Hizbu na 3 kwa ZPPP, na vyama hivi viwili vya mwisho vikaunda serikali, ilhali Afro-Shirazi ilikuwa imepata karibu nusu ya kura zote.

Julai 1963 ukaja uchaguzi wa mwisho kabla ya uhuru. Viti vilikuwa 31. Afro-Shirazi ilipata kiasi cha asilimia 54 ya kura, lakini viti vyake vilikuwa 13 tu. Hizbu ilipata 12 na ZPPP 6, jumla 18. Haya yaliwezekana kwa sababu Afro-Shirazi ilishinda kwa wingi mkubwa sana katika majimbo machache, na kushindwa kwa tofauti ndogo katika mengine mengi. Kwa mujibu wa kanuni, walioshinda walishinda. Lakini waliokuwa wengi kwa kura waliona wamefanywa wachache kwa viti. Uhuru ulipatikana tarehe 10 Desemba 1963. Tarehe 12 Januari 1964, mwezi mmoja na siku mbili baadaye, serikali ile ilipinduliwa, na watu kwa maelfu waliuawa au kuihama nchi yao.

Ugonjwa Wenyewe ni Upi?

Ndugu wapenzi, wako watakaosema kwamba watu wa bara walikuwa wema na wa visiwani walikuwa wabaya. Hiyo si kweli, wala si insafu. Tanganyika Waafrika walikuwa wengi mno hata hawakuwa na sababu ya kuogopa kumezwa na mtu. Ni rahisi kuwa mkarimu usipokuwa na hofu. Zanzibar pande mbili zilikaribiana kiasi kwamba kura moja iliweza kuamua kiti, na kiti kimoja kuamua serikali. Tena si kweli kwamba kila Mwarabu alikuwa Hizbu na kila mwenye asili ya bara alikuwa Afro-Shirazi. Waarabu walikuwa wachache, na Hizbu isingepata viti vile bila kura za Wapemba na Waunguja wasio Waarabu.

Basi ugonjwa haukuwa katika damu za watu. Ulikuwa katika namna walivyofundishwa kuitazama kura. Katika uchaguzi ulio mzima, anayeshindwa leo hujiambia kwamba baada ya miaka mitano atawashawishi waliomkataa, kwa sababu walimkataa kwa hoja, na hoja yaweza kujibiwa. Lakini watu wakichagua kwa nasaba, uchaguzi huwa umekwisha kabla ya siku ya kupiga kura, kwa maana kinachohesabiwa ni vichwa vya koo. Hakuna hoja iwezayo kumbadilisha mtu babu yake. Anayeshindwa katika hesabu ya namna hiyo huona ameshindwa yeye, watoto wake na wajukuu wake. Akishakata tamaa na sanduku la kura, huanza kutafuta njia nyingine.

Na anayeshinda naye huharibika. Akijua kwamba watu wa kabila lake watamchagua hata akizembea, haoni haja ya kuwatengenezea barabara. Akijua kwamba wa kabila jingine hawatamchagua hata akiwajengea zahanati, haoni haja ya kuwatembelea. Hivyo pande zote mbili hudhulumika, hata upande uliojiona umeshinda.

Majirani zetu wa Kenya waliliona hilo katika uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007. Siku hiyo walichagua Rais, wabunge na madiwani kwa pamoja, na katika sehemu nyingi kura zilifuata mipaka ya makabila. Matokeo ya Rais yalipobishaniwa, watu hawakuuliza jirani alimpigia nani. Walitazama jina lake na lugha ya nyumbani kwake. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakapoteza makazi yao. Wengi wa waliouana walikuwa Wakristo kwa Wakristo, kama vile wale wa Zanzibar walivyokuwa Waislamu kwa Waislamu.

Dini Yatufundisha Nini?

Qurani Tukufu, katika Sura An-Nisaa, yatuamuru kuzifikisha amana kwa wanaozistahili, na papo hapo yatuamuru kuhukumu kwa uadilifu baina ya watu. Haikusema baina ya Waislamu, wala baina ya jamaa. Katika Sura Al-Hujurat twaelezwa kwamba kuwapo kwa mataifa na makabila kuna kusudi la kujuana, na kwamba mbora mbele ya Mungu ni mcha Mungu zaidi. Kura ni amana ya namna hiyo. Mwenye kuipokea hapewi zawadi, bali hukabidhiwa kazi ya watu.

Imepokewa pia kwamba Mtume s.a.w. aliulizwa maana ya asabiyya, ule ukabila alioukemea kwa ukali. Akaeleza kuwa ni mtu kuwasaidia watu wake katika dhulma. Tazameni usawa wa mafundisho hayo. Mtu hakatazwi kuipenda lugha ya mama yake, ngoma za kwao na ndugu zake. Kinachokatazwa ni kumsaidia ndugu apate kisichokuwa haki yake, au kumnyima mwingine haki yake kwa kuwa si ndugu.

Na Sisi wa Rungwe?

Huenda mmoja wetu akasema kwamba mambo haya ni ya mbali. Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 1992 yakataza kuandikishwa chama cha kabila au cha dini, basi twaogopa nini? Jibu ni lile lile tuliloliona Zanzibar: daftari laweza kuwa moja na mioyo ikawa mbalimbali. Sheria yaweza kukizuia chama, lakini haiwezi kuuzuia mnong'ono wa usiku usemao, "huyu si wa kwetu". Leo mnong'ono huo husafiri kwa simu na kuwafikia maelfu kabla ya alfajiri.

Wilaya yetu ina urithi wa kutusaidia. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930, walieleza juu ya vijiji vya marika. Vijana wa rika moja walitoka katika kijiji cha baba zao, wakajenga pamoja, wakaoa na kuzeeka pamoja. Jirani wa mtu hakulazimika kuwa ndugu yake wa damu. Wazee wale walijua kwamba watu waweza kuendesha mji kwa ujirani mwema, si kwa ukoo peke yake. Leo katika mitaa ya Tukuyu wanaishi Wanyakyusa, Wandali, Wasafwa, Wakinga na wengine waliokuja kwa biashara au kwa kazi ya serikali. Mvua ya Tukuyu hunyeshea migomba ya wote, na bei ya chai ikianguka huwaumiza wote.

Na hapa tuseme wazi jambo linalotuhusu sisi Waislamu. Katika wilaya hii, ambako wamisionari wa Kimoravian walifika tangu mwaka 1891, sisi tu wachache. Kila unapokaribia uchaguzi husikika sauti ikisema: mchagueni Mwislamu mwenzetu, awe anafaa au hafai. Sauti hiyo ni ya hatari kwetu kuliko kwa mtu mwingine yeyote. Tukihubiri kwamba watu wachague kwa dini, tumekwisha kujihukumu kushindwa daima, na tumewapa wengine ruhusa ya kutufanyia vivyo hivyo. Lakini tukichagua kwa uadilifu, Mwislamu mwenye sifa ataweza kuomba kura kwa Mmoravian na Mlutheri bila aibu, na mgombea Mkristo atalazimika kubisha hodi katika nyumba zetu na kusikiliza shida zetu. Mahali ambapo watu huhesabiana vichwa, wachache hawana pa kusimama.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu. La kwanza, kabla ya kupiga kura kila mmoja ajiulize: kama mgombea huyu angekuwa wa kabila jingine na dini nyingine, na sifa zake zikabaki hizi hizi, ningemchagua? Jibu likiwa hapana, basi sijamchagua yeye, nimechagua jina la ukoo. La pili, msikiti usigeuzwe jukwaa la kampeni, wala asiulizwe mtu chama chake katika safu ya swala, harusini au mazikoni. Zanzibar walianza na hayo kabla ya kufikia mapanga. La tatu, matokeo yakitangazwa, walioshinda wawe wa kwanza kwenda kwa majirani walioshindwa, na mbunge ajue kwamba yeye ni mbunge wa waliomnyima kura pia. Anayeona amedhulumiwa apewe njia ya haki ya kudai, na adai kwa njia hiyo. Mshindi asiikejeli shauri yake, maana mwenye dhulma isiyosikilizwa hageuki kuwa mtulivu kwa kuambiwa anyamaze.

Ndugu zetu, wengi wa waliokufa Juni 1961 hawakuwa wagombea. Walikuwa watu wa mashamba na wa maduka, na waliowaua waliwafahamu kwa majina. Sisi nasi twafahamiana kwa majina hapa Bulyaga. Na tukumbuke hilo kila tunapoenda kupiga kura, na zaidi sana jioni ya siku ile tunaporudi mitaani kusubiri matokeo.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuzitimiza amana zetu, atupe viongozi waadilifu, na azilinde nyumba za majirani zetu wote kama anavyozilinda zetu. Amin.